Zipe Muda, Bosi

Spika zangu mpya zilisikika kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Nilikuwa nimeweka akiba miezi minne, pesa za makala na za kunakili mahojiano ya watu, nikazinunua Luthuli Avenue, nikazipandisha ngazi hadi kwa bedsita yangu Zimmerman. Mdundo mzito, maneno hayashikiki. Nikampigia kijana wa duka.

"Zipe muda, bosi," akaniambia. "Ni mpya, bado hazijafunguka. Zipigie ngoma masaa 100, utanishukuru."

Nikakata simu, nikapiga hesabu. Kwa masaa 3 kila jioni, 100 ni zaidi ya mwezi. Risiti yangu ilisema naweza kurudisha mali ndani ya siku 7.

Hapo swali likaacha kuwa la fundi, likawa la maadili: nani ana haki ya kukuambia uvumilie?

Tumpe kijana haki yake kwanza, maana ukweli kidogo anao. Ndani ya spika kuna koili ya waya karibu na sumaku. Stima ikipita, koili inakwenda mbele na nyuma, nayo inasukuma ile koni unayoiona. Koni imeshikwa na vitu viwili: mpira wa ukingoni na kitambaa cha mikunjo kule ndani. Vikiwa vipya vimekaza. Vikichezeshwa vinalegea, na hilo linapimika kwa vyombo. Lakini sehemu kubwa ya kulegea huko hutokea mapema sana, spika inapoanza tu kuchezwa kwa nguvu, si wiki ya nne. Na tofauti yenyewe ni ndogo kuliko ile unayopata ukiitoa spika kwenye kona ya chumba.

Kinachobadilika polepole, wiki baada ya wiki, kiko katikati ya masikio yako mawili. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba watu wakiziona spika wanazozipima, alama wanazotoa si zile wanazotoa wakisikiliza bila kuona. Kumbe macho nayo yanasikia. Matumaini pia.

Mimi nilivumilia. Wiki ya tano, nakuapia, maneno yakaanza kutoka wazi. Nikazisifu mpaka jirani yangu akanunua za aina hiyo hiyo. Kabla hajazipeleka kwake, nikamwomba tuziunganishe kwangu, zikae kando ya zangu. Nikageukia ukuta, yeye akawa anabadilisha waya. Mara 10. Nilipatia 5. Ungerusha shilingi ungepata hivyo hivyo. Watu wawili kwa bedsita si maabara, lakini aibu niliyoipata ilinitosha.

Je, nilidanganywa? Sidhani kijana alidanganya, nadhani anaamini. Na raha yangu ilikuwa ya kweli. Shida ni kwamba mazoea hayachagui. Yangenifanya nizipende hata kama zingekuwa mbovu. Kwa hivyo "utazoea" si ushahidi kwamba kitu ni kizuri. Ni habari kuhusu wewe, si kuhusu kitu.

Nasema hivi nikijua nilikotoka. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kozi niliyopangiwa wala sikuiomba. Kila mtu aliniambia nivumilie, nitaipenda. Mama bado anasema ningemalizia tu. Na pengine angekuwa sahihi: pengine ningeipenda. Hilo ndilo lilinitisha. Sikuweza kujua kama huyo mtu ambaye angeipenda angekuwa mimi niliyekomaa, au mimi niliyechoka kubisha.

Sipingi subira. Mtoto anayejifunza gitaa anaumwa vidole, na mwalimu anaweza kumweleza ngozi itakomaa vipi na kwa nini. Hiyo ni subira yenye sababu. Lakini mtu akikuambia ungoje, muulize: ni nini hasa kitabadilika? Tutajuaje kama hakijabadilika? Na ninapongoja, risiti yangu itakuwa bado na nguvu? Kama jibu ni "utazoea tu", basi hauombwi subira. Unaombwa ukae kimya mpaka siku 7 ziishe.

Mwezi jana Mama alinitembelea. Nikampigia wimbo anaoupenda, nikangoja asifu. Akasikiliza, akakunja uso.

"Mbona hii redio yako inaongea kama iko ndani ya ndoo?"

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia, zipe muda, Mama. Nikaufunga. Nikainuka, nikazivuta spika kutoka kwenye kona zilipokaa tangu siku ya kwanza.

"Hapo sasa," akasema.