Mbuzi wa Watu

Mwanangu ana miaka kumi na mmoja, na ameniuliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu sawasawa. Tulikuwa sebuleni tunatazama Chivas ya Guadalajara, yeye na rafiki yake wamevaa jezi za mistari myekundu na myeupe, mimi nimevaa yangu iliyokwisha kupauka. Akanigeukia: "Baba, mimi nikikua naweza kuchezea Chivas?" Kabla sijafungua mdomo, rafiki yake akadakia. "Mimi naweza. Wewe huwezi."

Alisema kweli. Watoto wale wamezaliwa hospitali moja hapa Chicago, wanasoma darasa moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga Guadalajara. Lakini mama wa yule ametoka Jalisco, na mama wa huyu wangu ametoka Muheza. Chivas haichezeshi mtu asiye Mmeksiko. Hakuna ligi iliyowalazimisha. Ni desturi yao wenyewe, na wanaishika kama watu wanavyoshika saumu.

Klabu hiyo nimeishabikia miaka mingi na desturi hiyo naijua tangu wiki ya kwanza. Haikuwahi kuniuma hata siku moja. Tena nilikuwa naisimulia kwa majigambo: ona watu wanavyojiamini! Siku ile nilimtazama mtoto anavyokaza macho kwenye televisheni ili nisione kwamba ameumia, na majigambo yote yakanikauka kooni.

Niliingia kwenye mapenzi haya kupitia sinki. Mwaka 2012 nilipata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa mmoja hapa mjini, zamu ya jioni, na jikoni kulitawala Kihispania. Mimi Kihispania sikijui, Kiingereza changu cha kubabaisha, na baridi ya Chicago ilikuwa imeninyang'anya hata hamu ya kuongea. Mpishi mkuu alikuwa mtu mzima wa Jalisco. Wote walimwita Don, nami nikashika hivyo hivyo, maana sikio langu lilisikia "Mzee". Jumamosi aliweka redio juu ya friji, na mtangazaji akawa anapayuka kama mnadi wa samaki kule Deep Sea, Tanga. Mpira ukitangazwa kwa lugha yoyote utaujua tu. Kuna namna sauti inavyopanda, halafu inakatika, halafu mtu anapiga ngumi mezani.

Siku moja Don akaniuliza, nusu kwa maneno nusu kwa mikono: wewe timu gani? Nikamwambia Coastal Union. Akataka maelezo. Nikamweleza habari za Mkwakwani, ubingwa wa 1988, baba yangu aliyekuwa akija uwanjani kwa baiskeli kutoka Pongwe, na jina letu la utani, Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani. Hapo akaacha kukata vitunguu. "Wa nyumbani," akarudia. Kisha akaninyooshea kisu kama mtu anayetoa hukumu: "Basi wewe ni Chiva."

Chiva ni mbuzi jike. Jina lilianza kama kejeli ya wapinzani, wenyewe wakalivaa, na sasa wanajiita kundi takatifu. Kwetu mbuzi ni mnyama na pia ni kile kiti cha kukunia nazi. Nilipompigia mama simu kumwambia nimepata timu huku inaitwa Mbuzi, akaniuliza ni yupi, wa nyama au wa nazi.

Tarehe 28 Mei 2017 tulitazama fainali ya pili dhidi ya Tigres kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa 26, kule ambako Wameksiko wa Chicago wamejijengea mji ndani ya mji. Tigres walikuwa na fedha na nyota wa kigeni, akiwemo Mfaransa André-Pierre Gignac. Sisi tulikuwa na Wameksiko watupu. Alan Pulido akafunga la kwanza. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ametekwa nyara huko kwao Tamaulipas, akajinasua mwenyewe. José Juan Vázquez akafunga la pili, Tigres wakarudisha moja, na ikaisha 4-3 kwa jumla ya mechi mbili. Ulikuwa ubingwa wa 12. Don alilia. Nami nililia, na sikujua ninamlilia nani. Nadhani baba, ambaye hakuwahi kusikia habari za mbuzi hao.

Sasa niseme jambo ambalo mashabiki wenzangu hawapendi lisemwe sana. Klabu hii ya wenyeji watupu ilianzishwa mwaka 1906 na mgeni, Mbelgiji aitwaye Edgar Everaert. Ule mwaka 2017 kocha wetu, Matías Almeyda, alikuwa Muargentina. Kwa hiyo mgeni anaweza kuijenga nyumba, anaweza kupanga nani alale wapi, na kama mimi anaweza kukaa barazani akashangilia. Kitanda ndicho hapewi.

Kwa miaka mingi nilikuwa na utetezi. Nilisema: dunia ya mpira ni soko, mwenye fedha ananunua kila kitu, na hawa wamesimama wakasema watoto wetu wanatosha. Kati ya 1957 na 1965 walichukua ubingwa mara saba kwa watoto hao hao. Mtu wa Afrika asipoelewa fahari ya namna hiyo nani ataielewa? Utetezi huu una nguvu, ila unachechemea mguu mmoja. Mnyonge akifunga mlango anajikinga. Chivas si mnyonge. Ni miongoni mwa klabu zenye mashabiki na fedha nyingi kuliko zote Meksiko.

Halafu ipo habari ya Los Angeles. Wenye klabu walianzisha tawi huko, Chivas USA, likaingia ligi ya Marekani mwaka 2005. Mwaka 2013 makocha wawili wa timu za vijana walifungua kesi mahakamani wakidai kwamba waliondolewa kwa sababu hawakuwa Wameksiko wala Walatino. Mwaka uliofuata tawi lenyewe likafutwa. Sitaki kuamua kesi ya watu hapa. Kinachonisumbua ni kwamba desturi ile ile iliyoitwa fahari Guadalajara, ilipovuka mpaka ilikuwa na jina jingine. Je, ilibadilika njiani, au ilikuwa hivyo tangu mwanzo na ukubwa wa nyumba ndio uliotuzuia kuona?

Mimi sidhani jibu ni jepesi. Nyumba lazima iwe na wenyewe. Nyumba isiyo na mwenyewe ni stendi ya mabasi. Lakini nikiangalia Wagosi wa Kaya wangu, naona njia nyingine. Jina ni la wenyeji, la Kibondei na Kisambaa kabisa, na bado mchezaji wa kutoka Kigoma akifunga goli Mkwakwani anakuwa mgosi jioni hiyo hiyo. Hakuna anayemwuliza mama yake alizikwa wapi. Chivas wao wanaangalia damu. Mwaka 2024 walimsajili Cade Cowell, kijana aliyezaliwa California na kuichezea timu ya taifa ya Marekani, kwa kuwa ana asili ya Meksiko. Kwa hiyo pasipoti, lugha na jezi ya taifa havikumzuia. Kwa mwanangu, hivyo vyote havitamsaidia.

Basi kwa nini nisihame? Zipo timu kumi na saba nyingine kwenye ligi ile. Nilijaribu, bwana. Nilikaa nusu msimu nikijifanya natazama tu kama mtu asiye na upande. Chivas walipofungwa nilikosa usingizi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mapenzi niliyoyachagua yamekwisha kuacha kuwa uchaguzi, na kwamba mimi nilikuwa nachanganya mambo mawili: kuchagua kuanza, na kuchagua kuendelea. La kwanza lilikuwa mkononi mwangu. La pili sina uhakika.

Lakini hata kama siwezi kutoka, naweza kuulizwa nafanya nini humo ndani. Na hapa nina deni.

Julai 2019 fainali ya Kombe la Dhahabu ilichezwa hapa hapa Chicago, Soldier Field. Meksiko iliifunga Marekani 1-0, goli la Jonathan dos Santos. Tulikwenda watu sita wa jikoni. Shabiki wa Meksiko ana desturi moja: kipa wa wapinzani anaporudi nyuma ili apige mpira wa goli, watu wanaanza kuvuta sauti chini chini, inapanda, inapanda, na mguu ukigusa mpira wanafyatua neno moja. Nilikuwa nimelisikia neno hilo miaka saba. Nililifyatua kwa nguvu zangu zote, kila mara, mikono juu. Kijana mmoja wa Puebla, mwosha vyombo mwenzangu, alikuwa amekaa kushoto kwangu. Yeye hakupiga kelele. Sikulitilia maanani.

Kwenye treni ya kurudi akaniuliza, "Primo, unajua ulichokuwa unasema?" Primo ni binamu, ndivyo walivyoniita. Nikasema ni utani wa mpira. Akasema hapana. Ni tusi wanalotukanwa wanaume wanaopenda wanaume. Akanyamaza vituo viwili, kisha akasema, "Ndilo neno la mwisho baba yangu aliloniambia." Akashuka kituo ambacho si chake.

Nilikuwa na kinga tayari mdomoni: mimi mgeni, lugha si yangu, nilifuata wengine. Kinga hiyo ni ya kweli na haina thamani yoyote. Ile furaha ya 2017 sikuikataa kwa kusema mimi mgeni. Machozi ya ubingwa niliyaita yangu. Inakuwaje basi ushindi ni wetu na tusi ni lao? Tena mimi nina hatia ya namna yake. Mtoto wa Guadalajara amelikuta neno hilo mdomoni mwa baba yake kama alivyokuta chumvi mezani. Ana kazi ya kulitoa, lakini hakulifuata. Mimi nililifuata. Nilivuka bahari, nikachagua timu ya watu, nikabeba kila kilichokuwemo bila kufungua kifurushi. Mwenye kuchagua ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kukagua, na mimi nilijiona mwenye mdogo zaidi.

FIFA imewapiga faini mara nyingi, ikawafungia hata viwanja vikachezwa vitupu. Juni 2023 huko Las Vegas mwamuzi alimaliza mechi ya Meksiko na Marekani kabla ya wakati kwa sababu ya kelele hizo hizo. Neno halijaisha. Faini inamfikia mkubwa wa ofisi. Haimfikii aliyekaa kushoto kwako.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku zangu mbili zilikuwa zimekwisha zamani sana, nami nilikuwa bado naletewa chai.

Basi mwaka jana, ukumbi ule ule wa mtaa wa 26, timu ya taifa ikicheza, kipa akarudi nyuma, sauti zikaanza kupanda. Nikasema, kwa Kihispania changu cha jikoni, "Jamani, hilo hapana." Sikulisema kwa ujasiri, nilisema kama mtu anayeomba msamaha. Jamaa mmoja wa meza ya pili akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe unahusika nini? Wewe si Mmeksiko."

Nilidhani nitakuwa na jibu. Nimelitafuta jibu hilo miezi mingi, na hata leo nikiwa kitandani hunijia majibu mazuri matano. Pale nilishika tu kifua cha jezi yangu, kama mtoto. Jamaa akacheka, akageukia televisheni. Don, ambaye siku hizi amestaafu na magoti yanamsumbua, alikuwa anatazama sahani yake. Kipa alipopiga mpira mwingine, nusu ya ukumbi walifyatua. Don hakufyatua. Sijui kama ni kwa ajili yangu au alikuwa anatafuna.

Nilipomsindikiza hadi kwake alisema, "Umeniharibia mpira, primo." Mlangoni akauliza kama Jumamosi nitakuja na kijana.

Kijana wa Puebla alihamia Texas. Nimemwandikia ujumbe mara mbili. Wa kwanza aliujibu.

Mwanangu bado anaivaa jezi yake, sijamwambia aivue wala aendelee. Nilimwambia ukweli kuhusu ile desturi, na kwamba mimi naiona si ya haki, na kwamba timu bado naipenda. Akafikiri kidogo, akauliza, "Vyote vitatu kwa pamoja?" Nikasema ndiyo. Hakuonekana kuridhika. Siku hizi akicheza na rafiki yake bustanini, mwenzake ni Chivas na yeye anajiita Tigres, kwa sababu Tigres wanachukua wageni. Jumamosi iliyopita Tigres walishinda sita kwa nne.