Umepima kwa Nini?

Ukisema unatoka Sumbawanga, Dar es Salaam watu wanacheka kabla hujamaliza sentensi. "Usije ukatutumia radi, bwana!" Na mimi hucheka nao, maana ukinuna ndiyo umethibitisha. Lakini jina lenyewe la mji wetu linasema kinyume: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Tupa uchawi. Mji mzima umepewa jina la kazi ya kusafisha.

Swali linalonisumbua ni hili: anayesafisha anajuaje kilicho kichafu?

Nina sababu ya kuuliza. Mwanzoni mwa kazi yangu niliandika habari fupi ya bibi mmoja, katika kijiji huku Ufipa, aliyenyooshewa kidole na majirani baada ya mtoto kufariki. Sikuandika kwamba ni mchawi, la hasha. Niliandika "anayetuhumiwa". Neno hilo hutulinda sisi waandishi, yeye halikumlinda. Nilipopita tena mwaka uliofuata, nyumba yake haikuwa na paa, na hakuna aliyetaka kuniambia alikokwenda. Ushahidi ulikuwa nini? Macho mekundu. Sasa mtu aliyepika kwa kuni maisha yake yote, ulitaka awe na macho ya rangi gani?

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nasoma ili niandike kuhusu sola. Paneli nyingi hutengenezwa kwa silikoni, ambayo ni semikondakta. Nilidhani silikoni safi kabisa ndiyo bora. Kumbe ikiwa safi hivyo hupitisha umeme kidogo mno, kwa hiyo hutiwa uchafu wa makusudi: boroni au fosforasi. Ila chuma kikiingia, hata atomu moja katika bilioni kadhaa, hunasa elektroni zilizoamshwa na jua kabla hazijatoka kuwa umeme. Basi chuma ni mchawi wa silikoni? Ngoja. Kuna fuwele nyingine, indiamu fosfaidi, inayotumika kwenye leza za mawasiliano. Humo chuma hutiwa kwa kukusudia, ili kizuie umeme usipite pasipotakiwa. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni mahali kilipokaa.

Sisi watu wa Ufipa tusingehitaji kufundishwa hili. Wazee wetu walijenga malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo, kintengwe, kwa mivukuto. Na hata baada ya kusafishwa, kaboni ya mkaa ikibaki kidogo, chuma hushika makali, ikizidi, hupasuka. Mhunzi hakuuliza tu kuna nini ndani. Aliuliza ni kiasi gani, na kwa kazi gani.

Leo kuna kipimo kinachouliza hivyo kwa upole wa ajabu. Kinaitwa resonansi ya paramagneti ya elektroni, na kiligunduliwa na Yevgeny Zavoisky mjini Kazan mwaka 1944. Fuwele huwekwa katikati ya sumaku kubwa, kisha hupigwa mawimbi ya mikrowevu. Elektroni isiyo na mwenzake ni kama sumaku ndogo. Nguvu ya sumaku kubwa ikifika kiwango fulani, inafyonza wimbi, na mashine inaandika mstari. Manganizi mara nyingi hujitambulisha kwa mistari 6, vanadiamu kwa 8. Mistari hiyo huonyesha pia atomu imezungukwa na majirani gani. Fuwele haivunjwi. Kinachotafutwa ndicho kinachojibu chenyewe.

Na kipimo hiki kina mpaka wake. Elektroni zote zikiwa zimepata wenzake, hakuna jibu, hata kama uchafu upo. Kwa hiyo mtafiti mwaminifu hasemi "hakuna kitu". Anasema "kwa kipimo hiki, sikusikia".

Najua mtu si fuwele. Wala sisemi duniani hakuna ubaya: yule mtoto alikufa kweli, na mama yake alilia kweli, na uchungu hutafuta pa kwenda. Utasema pia kwamba moyo wa mtu hauna mashine ya kuupima. Sawa. Lakini tazama tulivyoligeuza jambo hilo. Kwa atomu moja ya chuma tunatafuta sumaku, mawimbi na subira. Kwa bibi mzima tunatosheka na macho yake. Pale tusipo na kipimo ndipo ilitupasa kusita zaidi, na ndipo tunapokuwa wepesi zaidi wa kuhukumu.

Nami nilikuwa mwepesi. Nilikuwa na daftari na kalamu, na sikuuliza hata mtoto aliugua nini. Pengine zahanati walijua. Swali moja tu.

Siku hizi mtu akinitania kuhusu radi, sicheki tena. Namuuliza: umepima kwa nini? Wengi hudhani nimekasirika. Sijamkasirikia yeye.