Kisu cha Kuagiza

Anayemwagiza mhunzi kisu hulalamika kwamba anazungushwa, lakini tazameni kazi yenyewe. Springi ya gari kuukuu hufuliwa ikiwa nyekundu, hupigwa msasa, huchomwa na kuzamishwa ghafla ili iwe ngumu, kisha hupashwa tena moto mdogo hadi chuma kilichosuguliwa kigeuke rangi ya nyasi kavu. Fundi akiiruka hatua hii ya mwisho kwa sababu mteja amesimama mlangoni, makali yatameguka kwenye mfupa wa kwanza.

Mtu atasema mapanga ya kiwandani yapo madukani, ya nini kungoja? Ni kweli, na mwenye migomba ya kupogoa leo anunue hayo. Ila mpini uliochongwa kwa kipimo cha kiganja chako hautoki kiwandani. Wala simtetei fundi anayepokea advansi za watu wengi kuliko anaoweza kuwahudumia. Huyo na ataje tarehe ya kweli kabla hajashika pesa.