Haijashika

“Fuata moyo wako,” tunaambiwa kila siku. Mimi nikisikia hivyo naikumbuka KQ 507, ndege ya Kenya Airways iliyoanguka Douala, Kamerun, muda mfupi baada ya saa sita usiku, Mei 5, 2007. Watu 114. Hakuna aliyepona.

Kapteni alisema otopailoti imewashwa. Haikuwa, na hakuna aliyehakikisha. Giza tupu nje, ndege ikaanza kulalia kulia polepole. Hapo ndipo mwili husaliti: majimaji ya sikio la ndani hayashtuki mzunguko wa taratibu hivyo. Unajiona umenyooka kabisa, na vipimo mbele yako vinasema umepinda. Tahadhari ilipolia, kapteni akazungusha usukani kulia, kule kule ndege ilikokuwa inalalia.

Basi tuamini mashine, si hisia? Sawa, lakini balaa lilianza kwa kuiamini mashine bila kuangalia.

Kinachoninyima usingizi ni kile kiti cha pili. Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Pengine hata yeye hakuona. Lakini sisi tumelelewa kutomkosoa mzee kazini kwake, si ndio adabu? “Kapteni, haijashika.” Maneno mawili tu. Hapa mezani, mchana, nina hakika ningeyasema.