Mlango Usiofungwa na Wajibu wa Mtunza Amana

Je, mtu apitaye mlango ulio wazi ameingia kwa haki, au amevamia nyumba ya watu? Swali hili ni la zamani, na wazee wetu walilijibu kwa desturi ya hodi. Mgeni hupiga hodi hata kama mlango u wazi. Akiitikiwa huingia, na asipoitikiwa baada ya mara tatu hurudi alikotoka. Kwa desturi hiyo uwazi wa mlango si ruhusa. Ruhusa hutoka kinywani mwa mwenye nyumba. Lakini siku hizi limezuka jumba la namna nyingine, ambalo mlango wake wenyewe ndio unaoitikia hodi, na swali limeturudia likiwa gumu zaidi.

Jumba hilo ni seva, yaani kompyuta ihifadhiyo mafaili ya tovuti na kuyatoa kwa wanaoyaomba. Mafaili hayo hupangwa katika saraka, kama vile majalada yapangwavyo katika makabati ya masjala. Msomaji aombapo anwani ya saraka bila kutaja jina la faili, seva hutafuta kwanza ukurasa wa kumpokea, ambao kwa kawaida huitwa index.html. Ukurasa huo usipokuwapo, na ikiwa mipangilio inaruhusu, programu za seva kama vile Apache humwandikia mgeni orodha ya yote yaliyomo: jina la kila faili, ukubwa wake, na tarehe lilipobadilishwa mara ya mwisho. Kuzuia jambo hili si kazi kubwa. Mstari mmoja wa maagizo watosha, na tangu hapo mgeni hujibiwa kwa namba 403, ambayo maana yake ni kwamba amekatazwa.

Kwanza yafaa tuitendee haki orodha yenyewe. Si kosa kuwa na saraka iliyo wazi. Mtandao huu ulizaliwa katika kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ili wataalamu wapate kushirikiana katika maarifa. Na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba programu zake za mtandao ni mali ya watu wote. Hata leo zipo hazina za programu huru, kama ile ya Debian, ambazo huacha saraka zake wazi kwa makusudi ili kila mtu achague na kuchukua. Hapo orodha ni karamu. Ugumu wenyewe ni huu: orodha iliyoachwa wazi kwa ukarimu na ile iliyoachwa wazi kwa uzembe zina sura moja. Mgeni atazipambanuaje?

Mahakama za Ufaransa zililikabili swali hili. Mwaka 2012 mwandishi mmoja wa mtandaoni, ajulikanaye kwa lakabu ya Bluetouff, alikuwa akitafuta habari kwa njia ya Google akaangukia saraka za ANSES, wakala wa serikali ushughulikiao usalama wa chakula na afya. Hakuvunja nywila wala hakujifanya mtu mwingine. Seva ilimpa kila alichoomba, naye akachukua maelfu ya nyaraka. Mwezi wa Aprili 2013 mahakama ya Créteil ilimwachilia huru. Lakini tarehe 5 Februari 2014 Mahakama ya Rufani ya Paris ilimtia hatiani na kumtoza faini ya euro 3,000, na mwaka 2015 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliithibitisha hukumu.

Linalostahili kutazamwa ni mahali majaji wa rufani walipoweka mpaka. Hawakumwadhibu kwa kuingia, maana mlango ulikuwa wazi kwa kasoro ya wenyewe. Walimwadhibu kwa kubaki ndani na kuchukua, kwa sababu alikuwa amepanda ngazi za saraka hadi ukurasa wa mwanzo, akakuta unadai jina na nywila. Tangu hapo alijua kwamba mahali pale si pa kila mtu. Kwa upande wa mgeni, nadhani mpaka huu ni wa haki. Kuweza kuchukua kitu hakukupi ruhusa ya kukichukua. Na hatia huanza pale mtu anapojua.

Lakini kesi ile ilimhusu mgeni peke yake, na hapo ndipo hoja inapobaki nusu. Mtu akisahau kufunga nyumba yake mwenyewe, hasara ni yake. Mafaili yaliyomo katika seva, aghalabu, si mali ya mwenye seva. Ni alama za wanafunzi, barua za wazazi, taarifa za wagonjwa. Hiyo ni amana. Hatia ya mgeni huanza anapojua; wajibu wa mtunza amana huanza siku anapoipokea, na kutojua hakumwondolei lawama, maana kujua ndiko kazi aliyokubali. Haimfai kulalamikia utovu wa adabu wa wapitanjia ili kufunika uzembe wake.

Tena, asidhani kwamba kuficha ni sawa na kufunga. Orodha ikiondolewa, mafaili bado yapo palepale, na ajuaye jina la faili huweza kuliomba akapewa. Mfano tunao katika jimbo la Nova Scotia, nchini Kanada. Tovuti ya serikali ya jimbo hilo iliweka nyaraka ambazo anwani zake zilifuatana kwa namba. Kijana wa miaka 19 alibadilisha namba tu, akapata nyaraka zipatazo 7,000, na alieleza kwamba alidhani zote ni za umma. Kumbe mamia kadhaa kati yake zilikuwa na siri za watu. Mwezi wa Aprili 2018 polisi waliipekua nyumba ya wazazi wake. Mwezi uliofuata walitangaza kwamba hatashtakiwa. Familia nzima ilitiwa hofu kwa sababu watunzaji hawakuweka kufuli pahali palipohitaji kufuli.

Basi sisi walimu, ambao shule zetu zimeanza kukabidhi matokeo na mitihani kwa mashine hizi, tuna mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kudai kwamba saraka zizuiwe, siri ziwekewe nywila, na yasiyo ya umma yasiwekwe kabisa mahali pa umma. Usipoziba ufa utajenga ukuta. La pili ni la malezi. Tuwafundishe wanafunzi kwamba hodi haikufutwa na kompyuta, na kwamba akutaye siri ya mwenziwe hurudi nyuma na kumjulisha mwenyewe. Naye mwanafunzi atakayetujia kusema, "Mwalimu, orodha yenu iko wazi," apokewe kwa shukrani. Tukimpokea kwa fimbo, wa pili atakayeuona ufa huo atanyamaza, na amana za watu zitaendelea kuvuja bila sisi kujua.