Nguvu Mnazo Tayari

Wanangu wa Kolwezi, ninyi mnaojifunza kungfu jioni kwenye viwanja vya shule na ndani ya lupangu za watu, kila mkinipita mnanisalimu, "Jambo papa", kisha swali ni lile lile: mkono unakomazwaje upesi? Mmoja anataka kujua tofali linavunjwaje, mwingine anataka idadi ya ngumi za kupiga kila siku. Bado hajatokea wa kuniuliza namna ya kusimama. Basi leo nawajibu swali ambalo hamkuniuliza.

Mchezo mnaoupenda, kungfu ya kusini, una kwao. Kwao ni mikoa ya Guangdong na Fujian, kusini mwa China, ambako watu husifika kwa mikono kama wenzao wa kaskazini wanavyosifika kwa mateke. Msimamo wao uko chini, hatua zao ni fupi, na mikono haiendi mbali na kifua. Waliouendeleza wengi wao hawakuwa watawa wa milimani kama sinema zinavyopenda kuonyesha. Lam Sai-wing, mwanafunzi mashuhuri wa Wong Fei-hung katika mtindo wa Hung Gar, alikuwa muuza nyama ya nguruwe. Ip Man alipotoka Foshan na kuhamia Hong Kong, alianza kufundisha mtindo wa Wing Chun mwaka 1950 katika chama cha wafanyakazi wa mikahawa. Hebu wafikirieni hao wanafunzi: watu walioshinda wima wakibeba sahani na masufuria, wanafika darasani miguu inawaka moto. Naye hakuwapa vyuma vya kunyanyua. Aliwaambia wasimame tena.

Ndiyo maana nasema mchezo huu unawafaa, ila si kwa sababu mnayoidhani. Mji huu haujapungukiwa na nguvu. Kijana anayeshuka shimoni usiku, anayepandisha gunia kwa kamba, kisha analipakia kwenye pikipiki kulipeleka kwa wanunuzi wa Musompo, ana mwili ambao mwalimu wa Foshan angeutamani. Kasoro iko mabegani. Sururu na koleo hukaza mabega mpaka yakakaribia masikio, shingo ikafupika, vidole vikabaki vimekunjwa hata mwenyewe akilala. Ngumi ya mtu wa namna hiyo hutoka breki zikiwa zimeshikwa: inasukuma, haipigi. Sasa mazoezi ya kusini, ukiyatazama vizuri, mengi yametungwa ili kuondoa nguvu pale isipotakiwa. Ukiyafanya kwa kukaza misuli, umeigeuza dawa kuwa ugonjwa ule ule.

Anzeni na miguu. Katika Hung Gar, msimamo wa farasi unataka miguu iachane, mapaja yalale karibu sawa na ardhi, mgongo uwe wima. Zamani kipimo cha muda kilikuwa kijiti cha ubani: kikiwashwa, mwanafunzi hainuki mpaka kiteketee. Katika Wing Chun miguu haiachani sana, vidole vinatazamana kidogo, magoti yamekunjwa na kiuno kimeshushwa na kuingizwa ndani. Hapo ndipo mnapoharibu. Nawaona mnalazimisha magoti yabanane huku nyayo zikielekea kwingine, na mwalimu anapita na fimbo akisifu. Goti lielekee zinakoelekea ncha za vidole, lisikimbie ndani wala nje. Paja likiungua, vumilia. Goti likiuma, inuka, maana goti lililoharibika halina karakana, na kesho una ngazi ya shimo ya kupanda. Dakika 2 za kusimama vizuri, mara kadhaa kwa siku, zina faida zaidi kuliko nusu saa ya kutetemeka kwa sababu tu unaona haya mbele ya wenzako.

Ile sinema ya Jackie Chan, "Drunken Master", ilitoka mwaka 1978, mwaka ule ule wa vita vya siku sita hapa kwetu Kolwezi. Humo kijana anafundishwa kusimama akiwa amewekewa vikombe mwilini. Sisi tulicheka tu ilipotufikia. Lakini vikombe havikuwa mzaha mtupu, kwani ukikaza bega, kikombe kinaanguka. Wekeaneni kikombe cha plastiki chenye maji juu ya kigasha, mkono umenyooshwa nusu, mtajua wenyewe ni nani kati yenu anayesimama na ni nani anayepigana na mwili wake.

Baada ya miguu ndipo mikono, na hiyo nayo polepole. Mfululizo wa kwanza wa Wing Chun, Siu Nim Tau, hauna hatua wala teke. Mtu husimama mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Sehemu ya kwanza ndiyo nzito. Kiganja kinatazama juu, kiwiko kinasogea mbele kikiutafuta mstari wa katikati ya kifua, kinasimama pakibaki nafasi ya ngumi moja kutoka mwilini. Kisha mkono unageuka, unarudi, unakwenda tena, na tena. Anayeharakisha humaliza kabla jasho halijatoka, akadhani amejua. Kuna filamu fupi ya Ip Man iliyopigwa mwaka 1972, muda mfupi kabla hajafariki. Ni mzee wa karibu miaka 80, amekonda kwa maradhi, na mkono wake unatembea bila haraka hata kidogo. Itafuteni kwenye simu zenu badala ya kutazama watu wanaoruka kwa kamba. Hata Bruce Lee mnayemchora ukutani aliondoka Hong Kong mwaka 1959 kabla ya kumaliza masomo ya mzee huyu.

Kisha mkono uguse mkono. Zoezi hilo huitwa chi sao: wawili wanasimama, vigasha vimegusana, mikono inazunguka pamoja, na mmoja akisukuma, mwenzake anahisi kwenye ngozi kabla jicho halijaona. Hapa ndipo nilipowaona wachimbaji wakishindwa na wasichana, na nikafurahi. Kijana anasukuma kwa nguvu zote. Dada anauachia mkono upite, kisha anaingia katika nafasi iliyoachwa wazi. Kijana anakasirika, anasukuma zaidi, anaguswa tena kifuani. Waacheni wasichana waje, wala msiwape kona ya kukaa kutazama. Watu wa Wing Chun wenyewe wanasimulia kwamba mwanzilishi wao ni mtawa wa kike, Ng Mui. Wanahistoria hawana ushahidi wa mama huyo, na mwalimu anayewauzia hadithi yake kama historia msimwamini sana. Jina linaloshikika vizuri zaidi ni la Leung Jan, tabibu wa mitishamba wa Foshan katika karne ya 19.

Mwenzako asipokuwapo, kuna gogo: mti wenye mikono 3 na mguu 1. Zamani lilizikwa ardhini. Huko Hong Kong, watu walipoishi ghorofani, wakalitundika kwenye mbao mbili zinazonepa. Ninyi ardhi mnayo, lizikeni. Tafuteni mbao ngumu, kipenyo kama sentimita 22, na sehemu inayobaki juu ifike kimo cha mtu. Msiende kukata mti mbichi, maana misitu yetu imekwisha kwa makala; mjini kuna magogo makuukuu na maboriti yaliyong'olewa kwenye nyumba. Nguzo ya umeme iliyopakwa dawa nyeusi iacheni, mafuta yake huunguza ngozi. Matundu ya mikono yachongwe mraba, yawe mapana kidogo kuliko shina la mkono lenyewe, ili mkono ucheze ndani yake. Sikilizeni mlio. Ukigusa kwa pembe sahihi, gogo linatoa mlio mmoja mkavu. Ukipiga kwa hasira, mlio unatawanyika na kigasha kinavimba. Kazi ya gogo ni kukupimia umbali na kukurudisha katikati kila unapopotea, na mtu anayelitwanga mpaka mikono yake inavuja damu amekosea chombo.

Sasa nafika kwenye lile mnalolipenda, kukomaza mkono. Ni kweli, kusini wanao mfuko wa ukutani. Huanza na nafaka, kisha mchanga, mwishoni vipande vya chuma, na safari hiyo ni ya miaka. Lakini kila walipopiga walipaka dawa, mitishamba iliyolowekwa katika pombe kwa miezi, kwa sababu walimu wao walikuwa matabibu. Wong Fei-hung alikuwa na zahanati yake, Po Chi Lam. Leung Jan, nimeshasema, aliishi kwa kutibu watu. Mkono uliovunjika darasani ulirudishwa na mwalimu yule yule. Hapa kwetu tumechukua kupiga tukaacha kutibu. Mwalimu asiyejua kufunga kidole kilichoteguka asikufundishe kupiga ukuta. Na ukipona vibaya, ni nani atakayekushikia sururu?

Jambo jingine nimeliona kwa macho, nalo linanikera: mifuko imejazwa mchanga wa lundo la mabaki ya mgodi, kwa kuwa ni wa bure na ni mzito. Kila ngumi inatoa wingu la vumbi, na kijana anavuta pumzi ndefu kama alivyofundishwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na kile cha Leuven, Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta wakazi wa mtaa wa Kasulo wana kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu kuliko wa mtaa wa jirani, na watoto ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Watoto hao walikuwa wanaishi tu hapo. Wewe unaupiga mchanga huo karibu na pua. Jazeni mahindi au maharagwe yaliyoharibika, yaliyopepetwa. Na kama mnacheza kando ya barabara ya malori, kati ya mwezi wa 5 na wa 9, majira ya vumbi, hameni kabisa, au mje alfajiri kabla magari hayajaanza, baridi ya mwezi wa 6 isiwatishe.

Pumzi ndiyo nusu ya mchezo huu. Mtindo wa Korongo Mweupe wa Fujian una mfululizo wa kusimama na kupumua, na ndugu yake yumo hapa mjini mkimtazama bila kumtambua: Sanchin, wanayoicheza watu wa karate ya Goju. Kanryo Higaonna wa Okinawa alikwenda Fuzhou katika karne ya 19, akarudi na mafunzo ambayo mwanafunzi wake Chojun Miyagi aliyajengea Goju-ryu. Kwa hiyo mkiwabeza watu wa karate, mnawabeza binamu zenu. Kawatembeleeni. Wamehifadhi mambo ambayo ninyi mnayasikia kwenye video tu. Ila wote nawaonya: kubana pumzi na kukaza mwili mzima hupandisha damu. Mwenye shinikizo la damu, na aliyelala na pombe ya lutuku kichwani, asiguse zoezi hilo.

Wengine mnakwenda kuwaganda Wachina wa migodini mkitaka wawafundishe. Tangu mkataba wa madini wa Sicomines wa mwaka 2008 wameongezeka, na mnadhani kila fundi wao ni Ip Man. Wengi wao hawajawahi kugusa gogo hilo maishani, kama ambavyo si kila Mkongo anajua kupiga gitaa la rumba. Waacheni wafanye kazi. Akitokea mmoja anayejua kweli, mtamtambua kwa jinsi anavyosimama akisubiri lori.

Na kuna anayewatafuta ninyi. Uchaguzi ukikaribia, gari zuri linasimama kando ya uwanja, bwana anashuka, anawasifu, anatoa fulana na pesa ya chakula, anaomba vijana wenye mwili wa kumsindikiza kwenye mkutano. Ana maana ya kupiga watu, hata asiposema. Mkija kukamatwa, jina lake halitaonekana kwenye karatasi ya polisi. Litaonekana lenu, na uwanja utafungwa kwa wote. Mjibuni kwa adabu, mrudisheni na fulana zake. Nawajua baadhi yenu njaa inawauma, na bukari ya jioni haina uhakika. Hata hivyo mrudisheni.

Walimu wa Kasulo, Musonoi na Kapata, nawaomba: mwezi wa kwanza wa mwanafunzi mpya uwe wa kusimama, Siu Nim Tau na kugusana mikono tu, bila ngumi ya nguvu hata moja. Wachache watakimbia kwenda kwa mwalimu mwenye tofali, waacheni. Na ninyi wazazi, mtoto ambaye hajatimiza miaka 16 mifupa yake bado inakua. Asiguse mfuko wa kupigia, wala wa mahindi. Mwalimu akishikilia kwamba lazima, mtoeni mtoto hapo siku hiyo hiyo.