Ushujaa wa Kurudi Nyuma

Yako maarifa ambayo mwanadamu huyatafuta ili apate mali, na yako ambayo huyatafuta ili asipoteze maisha yake. Haya ya pili yana jambo la ajabu: aliye nayo aweza kuangamia sawasawa na asiye nayo, ikiwa yamemtia kiburi. Hapo huzuka swali linalofaa kufikiriwa na kila kijana: je, kuijua hatari ni sawa na kujilinda nayo? Mfano ulio wazi hupatikana mbali na kwetu, katika milima ya theluji ya Marekani na Ulaya.

Sisi tukaao karibu na Ikweta huiona theluji kwa mbali, weupe mdogo juu ya Mlima Kenya. Katika nchi za baridi huanguka tabaka juu ya tabaka msimu mzima. Watu hufunga miguuni mbao mbili nyembamba, au husimama juu ya ubao mmoja mpana, wakateleza toka juu hadi bondeni kwa furaha kubwa. Wengine huteleza katika viwanja vyenye walinzi. Wengine hupenda miteremko ya mbali, ambako kila mtu hujilinda mwenyewe. Huko tabaka la juu laweza kuwa limeshikamana na kuwa zito, na chini yake pakawa na tabaka dhaifu. Uzito wa mtu mmoja watosha kulivunja lile la chini. Ndipo theluji hushuka kwa kishindo na kufunika kila kilicho mbele yake. Miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45 ndiyo yenye hatari zaidi, na ndiyo hiyo ipendwayo na watelezaji. Tena, katika ajali zao nyingi, poromoko huanzishwa na yule yule aliyefunikwa au na mwenzake.

Kwa sababu hiyo yamewekwa mafunzo. Mwanafunzi hufundishwa kupima mwinamo wa mlima, kuchimba shimo ili akague matabaka, na kusoma taarifa ya hatari, ambayo ina daraja 5. Kila mmoja huchukua vitu vitatu: chombo kidogo cha kifuani kitoacho ishara ya redio, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na sepetu. Hufanya mazoezi ya kumtafuta aliyezikwa, tena kwa haraka. Haraka hiyo ina maana. Uchunguzi wa ajali za Uswisi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika watu 10 waliofukiwa na kutolewa kabla ya dakika 10 kupita, zaidi ya 9 waliokoka. Ilipofika nusu saa, walibaki kama 3 tu. Waokoaji wa mjini hawawezi kuwahi muda huo. Mwokozi wako ni yule uliyetoka naye asubuhi.

Ikiwa mafunzo ni mema hivyo, mbona wenye kujua hufa? Tarehe 19 Februari 2012, watu 16 waliteremka katika mlima mmoja mahali paitwapo Tunnel Creek, katika jimbo la Washington, Marekani. Wengi wao walikuwa mabingwa wa mchezo huo, na taarifa ya hatari ilikuwa imetolewa. Poromoko liliwazoa baadhi yao, na watatu wakafa. Baadaye wengine katika waliosalia walieleza kwamba walikuwa na shaka mioyoni mwao, lakini hawakuisema. Kila mmoja aliwatazama wenziwe, akawaona ni wajuzi, akadhani kwamba kundi la wajuzi haliwezi kukosea. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mtafiti Ian McCammon alichunguza ajali 715 zilizotokea Marekani kati ya mwaka 1972 na 2003. Aliona kwamba katika nyingi dalili za hatari zilikuwa wazi, ila watu walivutwa na mambo mengine: mazoea ya mahali, haya mbele ya wenzao, nia waliyokwisha kuikaza, imani kwa kiongozi, na tamaa ya kuwatangulia wengine. Katika milima waliyoizoea, hata waliofundishwa sana walijitia hatarini karibu sawa na wasiofundishwa. Macho yaliona, lakini moyo ulikwisha kuamua.

Yupo atakayesema, basi mafunzo hayafai, kwani huwatia watu ujasiri usio na msingi. Hoja hii ni dhaifu. Dawa iliyotumiwa vibaya haiondoi uzuri wa dawa. Asiyefundishwa hawezi hata kuitambua hatari, wala hana uwezo wa kumfukua mwenziwe. Yupo mwingine atakayesema kwamba maisha ya mtu ni yake, na akipenda kuyachezea mlimani asizuiliwe. Huyu amesahau kwamba theluji aivunjayo yeye humwangukia aliye chini yake, na kwamba watakaokuja kumtafuta nao wana wazazi na watoto.

Kwa hiyo sehemu iliyo bora katika mafunzo hayo haimo katika chombo wala sepetu. Ni kanuni moja ndogo: mtu yeyote katika msafara, hata aliye mdogo na mgeni kuliko wote, akisema turudi, wote hurudi, wala hachekwi. Kanuni hii ni nyepesi kuitamka na nzito kuitimiza. Humtaka mnyonge aseme, na humtaka bingwa asikie. Wa kwanza hushinda haya. Wa pili hushinda majivuno. Ushindi wa namna hii hauna shangwe, kwa kuwa poromoko lililoepukwa halionekani, na aliyerudi hawezi kuthibitisha kwamba angalikufa.

Hapa ndipo tupatapo jawabu la swali letu. Kuijua hatari ni nusu ya kujilinda. Nusu ya pili ni tabia. Elimu humwonyesha mtu mahali pa kusimama, lakini haimsimamishi. Wengi husifu ushujaa wa kusonga mbele, na kwa hakika una wakati wake. Lakini mtu awezaye kusimama mbele ya rafiki zake, kileleni, katika asubuhi nzuri, akasema, “Nina shaka, turudi,” naye ni shujaa, na huenda akawa ameokoa maisha ya watu ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa.